Amekuja

Mtoto aliyetumwa mlangoni kuangalia nani anapiga hodi ana namna mbili za kurudisha habari. Akisema "mgeni alikuja," mama ataendelea na kazi zake, maana mgeni huyo ni wa jana au juzi, alikwisha kunywa chai akaenda zake. Akisema "mgeni amekuja," nyumba inabadilika papo hapo: maji yanaongezwa kwenye birika, mkeka unakung'utwa, kiti kinafutwa vumbi. Watu wa pwani wanaifupisha zaidi, husema "mgeni kaja," na maana ni ileile. Tendo la kuja limekwisha, lakini aliyekuja yupo. Kati ya "alikuja" na "amekuja" inabadilika silabi moja tu, na kadiri ninavyoyatafakari majuma haya manne kabla ya Krismasi ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba imani ya Kikristo juu ya Yesu inasimama au inaanguka kwenye silabi hiyo.

Kiswahili kimetupatia jina zuri la majira haya. Majilio yametokana na kujilia, na kujilia ni kumwendea mtu, kumfikia mtu alipo. Anayejilia hapiti njia tu, ana anayemtafuta. Injili ya Luka katika tafsiri yetu ya zamani inatumia neno hilohilo, kujiliwa, pale Yesu anapoulilia mji wa Yerusalemu ambao haukuyatambua majira yake. Hata hivyo wengi wetu tumeyageuza Majilio kuwa siku za kuhesabia sikukuu: nguo za watoto, nauli ya kwenda nyumbani, mchele na mafuta vilivyopanda bei. Ndiyo maana Injili ya Jumapili ya kwanza huwashangaza watu kila mwaka. Mtu anakwenda kanisani akitarajia hori na wachungaji, anasomewa habari za jua kutiwa giza na watumishi walioambiwa wakeshe. Jumapili mbili zinazofuata ni za Yohana Mbatizaji. Maria na Yosefu wanasubiri hadi ya nne. Liturujia ya Kikatoliki imeyapanga hivi kwa makusudi: hadi tarehe 16 Desemba masomo yanamtazama Kristo atakayerudi, na kuanzia tarehe 17 yanageukia Bethlehemu. Bernardo wa Clairvaux, abati aliyefariki mwaka 1153, aliwahubiria wamonaki wake kwamba katikati ya kuja huko kuwili kuna kwa tatu, kuja kwa siri, kwa roho na nguvu, kulikokaa kama barabara inayounganisha miji miwili. Wakristo wengi wanaijua vizuri miji yote miwili. Barabara, ambako wanatembea kila siku, hawaijui.

Najua mtu atasema kwamba huwezi kujenga teolojia juu ya kiambishi cha kitenzi. Ni pingamizi la haki, na lingekuwa na nguvu kama jambo hili lingekuwa la Kiswahili peke yake. Lakini mtazame Paulo. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho uliandikwa yapata mwaka 55, miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba, na katika sura ya 15 Paulo anarudia mafundisho ambayo yeye mwenyewe aliyapokea kwa waliomtangulia. Kwa Kigiriki, Kristo kufa kumewekwa katika wakati uliopita wa kawaida, jambo lililotokea likaisha. Kuzikwa vilevile. Kisha anapofika kwenye kufufuka, kitenzi kinabadilika ghafla na kuingia katika hali timilifu, ile inayosema kwamba jambo limetendeka na matokeo yake yangali yapo. Kigiriki kilikuwa na njia ya kusema "alifufuka" kama kilivyosema "alikufa," na Paulo hakuifuata. Biblia yetu ya Union Version, inapofika aya ya 20 ya sura hiyo, imelishika jambo hilo sawasawa kwa neno amefufuka. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaweza kulisikia wazo la Paulo kwa sikio letu wenyewe, pengine kuliko watu wa lugha nyingine. Mtu akituambia "baba yake alikufa," anasimulia tukio. Akituambia "baba yake amekufa," tunampa pole, maana baba yule ni maiti au kaburi hivi leo. Kwa Yesu viambishi vinageuka: alikufa, na amefufuka. Kifo ndicho kilichopita. Uhai ndio unaoendelea.

Ushahidi wa pili ni mkongwe kuliko Injili zenyewe kama tulivyonazo. Mwishoni mwa waraka huohuo Paulo anawaandikia Wagiriki wa Korintho maneno mawili ya Kiaramu bila kuyatafsiri, maran atha, na watafsiri wetu nao waliyaacha yalivyo. Yanapatikana pia katika Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ya Wakristo wa kwanza, kwenye sala za baada ya kumega mkate. Wataalamu wamebishana muda mrefu juu ya mahali pa kuyakata. Ukiyakata hapa, yanakuwa ombi, Bwana wetu njoo. Ukiyakata pale, yanakuwa tangazo, Bwana wetu amekuja. Herufi ni zilezile. Wengi leo wanaona ni ombi, nami sina sababu ya kuwapinga, lakini mahali yalipotumika panasema jambo kubwa: watu waliomwomba aje walikuwa wamekaa naye mezani tayari. Wahenga wetu nao walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji wa Korintho walikuwa wakipona huku bado wakimwita.

Hapa linakuja pingamizi la heshima zaidi, ambalo nimelisikia kwa waumini wema kuliko kwa wapagani. Wanasema, kila mtu mkuu anaendelea kuwapo kwa namna hiyo. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 na sauti yake bado inatoka redioni, bado inatukemea. Kwa nini Yesu asiwe hivyo, mwalimu ambaye maneno yake hayafi? Tena Afrika ina fikra yake ya kina juu ya jambo hili. John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, aliandika juu ya wafu walio hai: marehemu ambao bado wapo katika ukoo kwa sababu wangali wakikumbukwa kwa majina, wakitengewa chakula na kinywaji, mpaka anapokufa mtu wa mwisho aliyewafahamu. Charles Nyamiti, padre wa Tanzania, alichapisha mwaka 1984 kitabu kizima akimfafanua Kristo kuwa Mhenga wetu, ndugu aliyekufa ambaye bado anawafungulia wazawa wake mlango wa baraka. Nampenda Nyamiti kwa ujasiri wake, na kitabu chake kimenisaidia kuona kwamba Mwafrika hahitaji kuazima mawazo ya Ulaya ili aelewe kuwa aliyekufa anaweza kuwa na kazi nyumbani. Lakini mahali fulani mfano huo unakatika, na ni lazima ukatike, kwa sababu wafu walio hai wanategemea kumbukumbu yetu. Tukiwasahau, wanazama. Kristo wa Agano Jipya hategemei kumbukumbu ya mtu. Wanafunzi wawili wa njia ya Emau walikuwa na kumbukumbu kamili na sahihi: waliweza kusimulia maisha yake, matendo yake na kifo chake bila kukosea, na walikuwa wakiisimulia habari hiyo kwa yeye mwenyewe bila kumjua. Kumbukumbu peke yake ilikuwa inawapeleka kijijini wakiwa na huzuni.

Ndiyo maana kumbukumbu ambayo Yesu aliagiza usiku wa mwisho haifanani na albamu ya picha. Wayahudi walipokula Pasaka, kila kizazi kilifundishwa kujihesabu kwamba chenyewe kimetoka Misri, wala si mababu peke yao. Kukumbuka kwa namna hiyo ni kuingia ndani ya tendo ambalo bado liko wazi. Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, akihubiri juu ya Kupaa kwa Bwana, alieleza kwamba yale yaliyoonekana kwa macho katika Mkombozi yamehamia kwenye sakramenti. Mlutheri na Mkatoliki wataendelea kutofautiana juu ya namna anavyokuwapo katika mkate na divai. Wote wawili, hata hivyo, wanakwenda mezani kwa sababu wanaamini mwenye meza yupo.

Mbiti huyohuyo ana swali jingine gumu zaidi kwetu, na hakuna mwandishi wa Kiswahili anayeweza kulikwepa, kwa kuwa alilieleza kwa maneno yetu wenyewe. Katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba Mwafrika wa jadi anaishi katika nyakati mbili, alizoziita Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo kwake. Aliuchunguza wakati katika vitenzi vya Kikamba, akaona kwamba wamisionari walipohubiri kurudi kwa Yesu, wasikilizaji walikusikia kama jambo la kesho asubuhi, na lilipochelewa, ama walikata tamaa ama walihamia makundi yaliyotoa ahadi za karibu zaidi. Wanafalsafa wengine, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga, wakionyesha lugha za Kiafrika zenye wakati ujao usio na shaka. Nadhani walikuwa sahihi kuhusu lugha. Mkulima anayepanda mkorosho anajua vizuri kwamba kuna miaka ijayo. Lakini kuhusu mahubiri Mbiti alikuwa sahihi kuliko wakosoaji wake wanavyokiri. Ukimhubiri Kristo wa "atakuja" peke yake, unamfanya awe mgeni wa kesho, na nyumba isiyo na mtu leo ni rahisi kuingiwa na yeyote anayejitangaza kuwa ana ratiba ya kesho hiyo.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona gharama yake. Mwezi Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Walionusurika walieleza kwamba waumini waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miaka 23 kabla yake, tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya kanisa huko Kanungu, Uganda, katika kundi lililokuwa limewatabiria mwisho wa dunia. Kuna wanaosema, basi hayo ndiyo Majilio yenu, mnawafundisha watu kukesha na kutazama mbinguni, kisha mnashangaa wakifa wakitazama. Siwezi kulipuuza neno hilo, na kanisa lolote linalolipuuza halijawalilia wale watoto. Jibu langu ni kwamba Shakahola ilimchukua Kristo wa "atakuja," ikamfuta Kristo wa "amekuja." Kama Bwana hayupo hapa, basi hapa hakuna thamani: shule haina thamani, zahanati haina thamani, na mwili wa mtoto ni kikwazo cha safari. Lakini anayekiri kwamba Neno alitwaa mwili, akanyonya, akalala njaa, akala samaki wa kuokwa baada ya kufufuka, hawezi kuuhesabu mwili wa mtoto kuwa takataka. Tena katika sura ya 25 ya Mathayo, Hakimu anayerudi kwa utukufu hawaulizi watu kama walikuwa wakimtazamia. Anawaambia kwamba alikwisha kuja kwao akiwa na njaa. Pale msituni watu walikuwa wakimtafuta Kristo upande wa pili wa kifo, naye alikuwa amelala miguuni pao, ana umri wa miaka minne, anaomba uji.

Wapo pia wanaosema kwamba miaka elfu mbili inatosha, ahadi imeshindwa. Swali hilo si geni, waraka wa pili wa Petro unawataja waliouliza hivyohivyo zamani zile. Aliyelipa nguvu ya kitaalamu ni Albert Schweitzer, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1906 alidai kwamba Yesu aliutazamia mwisho wa dunia katika kizazi chake na akakosea. Sikubaliani naye, lakini nayatazama maisha yake. Mtu huyo aliyeandika hivyo alisomea udaktari, na mwaka 1913 akaenda Lambaréné, Gabon, kutibu wagonjwa kwa ajili ya Yesu huyohuyo, na huko ndiko alikofia mwaka 1965. Alikuwa na dharau za Wazungu wa zama zake juu ya Waafrika, hilo lisemwe wazi. Lakini kwa hesabu zake za kitabuni Kristo alikuwa mtu wa jana, na bado akamtii kama mtu anayemtii bwana aliye hai, anayetoa amri leo.

Pingamizi la mwisho ni lile la kwamba kungoja kunawalegeza watu, kwamba maskini akiambiwa Bwana yuaja ataacha kudai haki yake. Ilitokea hata Thesalonike, na Paulo aliwakemea walioacha kazi. Lakini Yakobo, katika somo linalosomwa Jumapili ya tatu ya Majilio katika mwaka A, anamweka mbele yetu mkulima anayengoja mvua za kwanza na za mwisho. Katika sehemu nyingi za nchi yetu Majilio huangukia wakati wa vuli, na yeyote anayekijua kilimo anajua kungoja huko kulivyo. Shamba limekwisha kusafishwa. Mbegu imefukiwa katika udongo ambao bado ni vumbi, kwa mashimo yaliyopimwa kwa hatua. Jembe limenolewa kwa palizi ambayo bado haijaota. Anayengoja mvua kwa kulala hangoji mvua. Na kama mfano wa mkulima hautoshi, yupo Alfred Delp, padre Mjesuiti wa Ujerumani, aliyekamatwa Julai 1944 kwa sababu alishirikiana na kundi la Kreisau lililopanga jinsi nchi itakavyojengwa kwa haki baada ya Hitler kuanguka. Desemba ile, katika gereza la Tegel mjini Berlin, aliandika tafakuri za Majilio huku mikono yake ikiwa na pingu, na karatasi zikatoroshwa nje ndani ya nguo za kufuliwa. Tarehe 8 Desemba aliweka nadhiri zake za mwisho mlemle gerezani. Alinyongwa tarehe 2 Februari 1945. Sijapata kusoma habari za mtu aliyengoja kwa nguvu kuliko yeye, wala za mtu ambaye watawala waliiogopa zaidi kazi ya kungoja kwake.

Basi Kristo huyu aliyekuja anafanya nini sasa? Waraka kwa Waebrania unamweka katika kazi ya ukuhani isiyo na likizo: yu hai ili awaombee wanaomwendea Mungu kwa yeye. Kwa mtu ambaye sala zake zimekauka, na majira haya huwakuta wengi wakiwa hivyo, hiyo ni habari njema ya ajabu, kwamba sala haianzii kwake, inaendelea tayari na yeye anaikuta. Lakini Yohana anatuonyesha pia sura nyingine. Asubuhi ya siku ya tatu Maria Magdalena alisimama kaburini akilia, akamwona mtu, akadhani ni mtunza bustani. Wahubiri wengi wanalipita haraka kosa hilo. Mimi naona aliona sawa kuliko alivyojua. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tukimaanisha kwamba aliyekaa amekuwa wa nyumbani, na wa nyumbani anashika kazi ya nyumbani. Aliyejilia dunia usiku wa Bethlehemu alikaa, na siku ya tatu alionekana bustanini kama mwenye kazi.

Kazi hiyo anaifanya mahali alipotuambia atakuwapo, kwa wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa. Jumuiya yako ndogondogo au mtaa wako wa usharika una majina ya wagonjwa ambao hawajaweza kuja kanisani muda mrefu. Yaombe majina hayo juma hili, kabla ya kununua mapambo. Chagua moja. Nenda, piga hodi, na ungoje uambiwe karibu.